TIMU YA BAISIKELI YA TAWI LETU
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi, Nyeri)



Katika mkutano uliopita vijana wa Ruring'u na wa Karatina walileta ombi kwamba tawi lianzishe timu ya baisikeli. Mzee mmoja akasimama akauliza: Mtu aliyechuma majani ya chai tangu alfajiri, mwampa mashindano badala ya nyongeza ya mshahara? Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Mwenyekiti akaniagiza nilijibu leo, kwa kuwa nimekaa juu ya tandiko la baisikeli miaka mingi kuliko nilivyokaa juu ya kiti.

Nyongeza ya mshahara tutaidai vile vile, mzee wangu. Timu haiingii mahali pake.

Mimi nilipanda Black Mamba miaka kumi na minne kutoka Kiganjo mpaka kazini hapa mjini, na nyuma nilifunga debe la maziwa ya jirani. Wengi wenu mlibeba kabichi, makaa, hata wagonjwa. Baisikeli kwetu haikuwa mchezo, ilikuwa punda asiyekula majani. Kisha pikipiki zikaja zikachukua abiria wote, lakini watu wa mashamba hawakuacha kupiga pedeli, maana nauli ya kila siku inamaliza posho. Hao ndio ninaowaombea timu.

Mnakumbuka kijana wetu aliyegongwa magharibi kati ya Chaka na Kiganjo. Sitamtaja jina, mama yake yuko miongoni mwetu. Hakuwa na taa wala kioo chekundu nyuma. Tulichanga kwa moyo, tukanunua jeneza, tukakodi gari. Usiku ule nilipiga hesabu peke yangu: fedha ya jeneza lile ingalinunua taa za baisikeli kwa kila mwanachama wa tawi hili anayepita njia ile, na chenji ingalibaki. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na ndiyo sababu hasa niliwaunga mkono vijana. Barabara ya Kenol hadi Marua imepanuliwa, magari yameongeza mwendo, na sisi tungali tunapita pembeni gizani kama paka.

Sasa nitawaeleza jinsi wengine walivyofanya. Kule Kikuyu, karibu na Nairobi, yuko Bwana David Kinjah, mwendesha baisikeli aliyeiwakilisha Kenya. Alikusanya watoto wa kijijini nyumbani kwake, na kundi lao likaitwa Safari Simbaz. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mtoto wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, ambaye baadaye aliyashinda mashindano makubwa ya Ufaransa mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Magazeti hupenda kumwandika Froome. Mimi napenda zaidi karakana ile: mtoto anajifunza kuziba pancha, kunyoosha gurudumu na kukaza mnyororo. Asiposhinda hata mara moja, anaondoka na ufundi mkononi.

Mwaka 2008 mpiga picha kutoka Singapore, Bwana Nicholas Leong, aliwachukua vijana wawili wa Eldoret, watu wa boda boda ya baisikeli na wa kupiga rangi viatu, akawapeleka Ufaransa kuupanda mlima wa Alpe d'Huez wenye kona 21. Mmoja wao, Zakayo Nderi, alifika juu kwa dakika 42 hivi. Wazungu wanaolipwa kwa kazi hiyo humaliza kwa dakika chache pungufu tu. Baadaye ikaundwa timu ya Kenyan Riders kule Iten. Na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Haya si mambo ya ng'ambo tena, ni ya kwa jirani.

Lakini sitawaficha upande wa pili. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 katika mashindano ya njia ya changarawe kule Vermont, Marekani. Alikuwa hodari kuliko sisi sote tulio humu, na hata hivyo baisikeli ilimwua. Kwa hiyo asiye na kofia ngumu hatapanda nasi, hata akiwa mjomba wa Mwenyekiti.

Ugomvi nao huja mapema. Zamani, nikiwa kijana, tulikuwa na timu huko Karatina. Tajiri mmoja alitununulia baisikeli tano za mbio, nyepesi, zenye gia nyingi. Tulikuwa watu kumi na wanane. Watano walipanda, kumi na watatu wakawa watazamaji, na mwezi wa tatu wakawa maadui. Tajiri alipotaka tuvae jina la duka lake hata kanisani, tulikataa, naye akazirudisha baisikeli zake zote. Timu ikafa siku moja. Na lawama si yake peke yake, sisi ndio tuliokubali kuanza kwa vitu vya kupewa.

Kwa sababu hiyo nasema tuanze na baisikeli tulizo nazo, Black Mamba na zile za mitumba. Mwaka wa kwanza hakuna mashindano ya fedha. Jumamosi moja kwa mwezi, timu itakaa penye soko na kutengeneza baisikeli za wachuma chai na za watoto wa shule. Kazi ni bure, kiraka na spoki mtu atalipa bei ya dukani. Jumapili baada ya ibada tutakwenda mazoezi: kwanza Mweiga, kisha Othaya na vilima vyake, na mwisho wa mwaka Nanyuki hadi kwenye mstari wa Ikweta. Mwendo utakuwa wa yule wa nyuma kabisa.

Wasichana wataingia. Najua maneno yatasemwa, kwani mimi mwenyewe niliyasema zamani, mpaka binti yangu akanipita kwenye mteremko wa Marua, na akanipita tena kwenye mlima wake. Sikusema tena.

Habari ya fedha. Zisikae katika simu ya mtu mmoja. Sahihi ziwe tatu, na hesabu isomwe hapa kila mkutano. Tena sheria ya michezo ya mwaka 2013 yataka kila klabu iandikishwe kwa Msajili wa Michezo, basi katiba yetu iandikwe sasa, tusingoje siku ya kugombana. Tukisha andikishwa ndipo tutawaendea wakubwa wa Kenya Cycling Federation.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano upige kura juu ya jambo moja tu leo: mfuko wa kusaidiana utoe fedha za taa na vioo vyekundu, vigawiwe kwanza kwa wanaotoka kazini usiku, wawe wa timu au wasiwe. Jezi zingoje. Daftari la majina liko mezani kwa katibu, na atakaye kujiandikisha aje nje na baisikeli yake baada ya mkutano, nimtazamie breki kabla giza halijaingia.