Nakala Isiyojaribiwa Si Akiba

Mada iliyowasilishwa na Ofisa TEHAMA wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata



Nimeombwa nieleze kwa nini, mwaka juzi, tovuti ya Halmashauri ilitoweka kwa siku sita. Wapo miongoni mwenu waliolipa nauli hadi makao makuu ya wilaya kufuata fomu za mikopo ya vikundi ambazo zingepatikana hapahapa kwa simu. Mnastahili maelezo.

Seva ni kompyuta iwakayo usiku na mchana ili kumpa kila aombaye ukurasa, fomu au tangazo. Siku ile diski yake iliharibika. Taarifa zenyewe tulikuwa nazo, kwani zilinakiliwa kila usiku. Tulichokosa ni mipangilio, yaani maagizo yanayoieleza seva ijibu kwa jina lipi, barua pepe zipitie wapi na nani aruhusiwe kuingia. Mahindi yalikuwa ghalani, lakini mashine ya kusagia ilikuwa vipandevipande, na mtumishi aliyejua kuiunganisha alikwisha kuhamishwa kituo cha kazi. Tulijenga upya kwa kubahatisha.

Fundisho la pili linatoka Ufaransa. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg. Hakuna aliyeumia, lakini baadhi ya wateja walipoteza seva pamoja na nakala zake, kwa kuwa vyote vilikuwa mahali pamoja.

La tatu ni la kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya seva kuu. Walipozigeukia nakala za kila siku, walikuta hazikuwa zikitengenezwa, na barua pepe za kuonya hazikuwa zikifika. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Wahenga walisema akiba haiozi. Ndugu zangu, akiba ya seva huoza, tena kimyakimya.

Kwa hiyo tumebadili utaratibu. Kila usiku tunanakili faili za tovuti, barua pepe na mipangilio yote. Hifadhidata haichukuliwi faili kwa faili ikiwa inaandikwa, maana nakala hiyo huweza kuwa na kasoro. Hutolewa kwanza kwa programu yake maalumu. Kila taarifa inakuwepo mara tatu, katika vihifadhi vya aina mbili, na nakala moja hukaa nje ya jengo la Halmashauri. Nakala hizo hufungwa kwa nenosiri, kwa sababu zimebeba majina na namba zenu. Za zamani hatuzifuti upesi, kwani kosa la leo huweza kugunduliwa baada ya mwezi. Hatua za kuijenga seva upya zimeandikwa, ili mtumishi mgeni aweze kuzifuata.

Zaidi ya yote, kila robo mwaka tunachukua kompyuta tupu na kuirudishia kila kitu kutoka kwenye nakala, huku tukihesabu saa. Jaribio la kwanza lilishindikana: cheti cha usalama cha tovuti hakikuwemo. Afadhali tulilijua hilo siku ya majaribio kuliko siku ya msiba.

Ndugu wananchi, kazi hii haionekani ikifanyika vizuri, na jambo lisiloonekana ni rahisi kuachwa. Nawaombeni msituulize kama tuna nakala, maana jibu litakuwa ndiyo daima. Tuulizeni: mara ya mwisho mliirejesha lini, na ilichukua saa ngapi? Majibu yatachapishwa katika jarida hili kila robo mwaka. Msipoyaona, mwambieni Diwani wenu atudai.