Meza ya Wajane: Haki na Upatano Havitenganishwi

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaogopa kulitaja kanisani: mgao. Nani anapata, nani anakosa, na ni wa upande gani.

Tuanze Yerusalemu. Kanisa lilikuwa changa, limejaa Roho, watu wanauza mali na kugawana. Lakini ndani yake mlikuwa na pande mbili: Wayahudi wenyeji wenye kusema Kiebrania, na Wayahudi wenye kusema Kigiriki. Manung'uniko yakatokea. Wajane wa upande wa Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika chakula cha kila siku.

Tuangalie kwanza mambo ambayo mitume hawakufanya. Hawakuwaambia watu wanyamaze kwa sababu wote ni wamoja katika Kristo. Hawakutangaza juma la maombi ya umoja huku sahani za wajane zikibaki tupu. Wala hawakugawa kanisa mara mbili, kila upande na mfuko wake. Waliita mkutano wote, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Na someni majina ya wale saba, tangu Stefano mpaka Nikolao wa Antiokia: yote ni majina ya Kigiriki. Ni kama walionung'unika ndio waliokabidhiwa funguo za ghala, na waliowakabidhi ni kanisa zima.

Basi kuna kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kunyoosha mgao. Ya pili ni kuwaweka watu pamoja. Ni rahisi kufanya moja na kuiacha nyingine. Kuna nchi moja ambayo imehangaika miaka mingi kuzifanya zote mbili kwa sheria, na tunaweza kujifunza kwake.

Nchi hiyo ni Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Ufalme wa Uingereza. Watu wake hawafiki milioni 2. Pande zake kubwa ni mbili: Waprotestanti, ambao wengi wanataka kubaki na Uingereza, na Wakatoliki, ambao wengi wanataka Ireland iwe moja. Wapendwa, jambo hili linauma: pande zote mbili zinaliita jina la Yesu.

Tangu 1921, kwa miaka 50 hivi, serikali ya pale ilikuwa mikononi mwa chama cha Waprotestanti. Wakatoliki walilalamika juu ya kazi, nyumba za serikali na kura. Katika mji wa Derry, ambao wengine wanauita Londonderry, Wakatoliki walikuwa wengi zaidi, lakini mipaka ya kura ilichorwa kwa namna ambayo Waprotestanti ndio walioshika halmashauri. Mwaka 1968, katika kijiji cha Caledon, nyumba ya halmashauri ilipewa msichana Mprotestanti asiyeolewa, huku jamaa za Wakatoliki zenye watoto zikingoja. Mwaka uleule maandamano yakaanza, na polisi wakawapiga waandamanaji kule Derry. Mwaka 1969 askari wa Uingereza wakaingia. Mpaka kufikia 1998, watu wapatao 3,500 walikuwa wamekufa.

Tuangalie dawa walizojaribu. Mwaka 1969 serikali iliunda wizara na tume ya mahusiano kati ya jamii, ili watu wakutane na kusikilizana. Ilikuwa nia nzuri, lakini tume hiyo haikudumu, ikafungwa katikati ya miaka ya 1970. Mtu anayekosa nyumba kwa sababu ya dini yake hatapona kwa kualikwa kunywa chai na yule aliyepewa nyumba hiyo. Nabii Yeremia aliwakemea wale waliofunga kidonda juujuu na kutangaza amani isiyokuwepo.

Kwa hiyo wakashika pia njia ya usawa. Mwaka 1971 kazi ya kugawa nyumba ilianza kuondolewa kwa halmashauri, ikawekwa chini ya shirika moja lenye kufuata uhitaji. Mwaka 1976 sheria ilikataza ubaguzi katika kazi. Ile ya 1989 ilizidi kukaza: wenye kuajiri walipaswa kuhesabu ni wafanyakazi wangapi wanatoka kila upande na kutoa taarifa. Mtu anaweza kuuliza: kuhesabu watu kwa makundi, si ndiyo kuendeleza mgawanyiko wenyewe? Swali hilo ni la haki. Lakini mahali ambapo hakuna hesabu, mwenye kupendelea hujificha kwa urahisi.

Tarehe 10 Aprili 1998 mapatano ya amani yalifanyika Belfast, na mwaka uleule sheria ikatungwa. Kifungu chake cha 75 kinaziwekea ofisi za serikali wajibu mbili. Wa kwanza ni kutilia maanani usawa wa nafasi kwa watu wa dini, siasa na rangi tofauti, wanaume na wanawake, vijana na wazee, walemavu na wengine. Wa pili ni kuangalia pia uhusiano mwema kati ya watu wa dini, siasa na rangi tofauti. Na sheria inasema huo wa pili usiudhuru wa kwanza. Kwa maneno mengine, mtu asinyimwe haki yake eti kwa ajili ya amani.

Hata hivyo, kazi haikuwa rahisi. Kaskazini mwa mji wa Belfast, Wakatoliki wengi walikuwa wanangoja nyumba, na viwanja vitupu vilikuwa karibu na Waprotestanti. Ukijenga kwa kufuata uhitaji tu, upande mmoja unaona kartie yake inachukuliwa. Ukichelewa ili usiwaudhi, watoto wanaendelea kubanana katika chumba kimoja. Katika polisi, tangu 2001 mpaka 2011, waliandikwa nusu Wakatoliki na nusu wengine. Wakatoliki wakapanda kutoka karibu 8 kwa mia hadi karibu 30 kwa mia. Kijana Mprotestanti aliyekosa nafasi aliumia, naye ni mtoto wa mtu. Lakini dawa hiyo ilikuwa na mwisho wake, na polisi wa upande mmoja wangeaminiwaje na upande mwingine?

Tena, usawa peke yake hautoshi. Belfast ingali na kuta zilizoanza kujengwa 1969 ili kutenga majirani. Mwaka 2013 serikali iliahidi kuziondoa zote kufikia 2023. Mwaka huo umepita na nyingi bado zimesimama. Watoto walio wengi wangali wanasoma mbalimbali. Watu wanaweza kupata haki sawa, kila mmoja nyuma ya ukuta wake, bila kujua jina la jirani.

Lakini tumtukuze Mungu kwa ajili ya wale waliovuka. Mwaka 2005, kundi la IRA lilipoharibu silaha zake, mashahidi wawili wa kanisa waliitwa kusimama pale: Mchungaji Harold Good, Mmethodisti, na Padri Alec Reid, Mkatoliki. Waliweza kushuhudia pamoja kwa sababu kila mmoja alikuwa ametumia miaka kujenga uaminifu na upande usio wake.

Sasa turudi kwetu. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 13, inakataza Mkongomani yeyote abaguliwe kwa sababu ya dini, kabila ao lugha yake. Ni sheria nzuri. Lakini orodha ya unga na mafuta kwa waliokimbia vita haiandikwi na katiba. Inaandikwa na mtu mwenye bic mkononi, na mara nyingi mtu huyo ni shemasi, mama wa kikundi, ao sisi wenyewe.

Kwa hiyo tushike mambo matatu.

Kwanza, tusikilize manung'uniko kabla ya kuyaita ukabila. Mama akisema jina lake linarukwa kila mara, tufungue daftari na tuhesabu. Kama amekosea, daftari litaonyesha. Kama amesema kweli, tutengeneze siku ileile.

Pili, tukabidhi kazi kwa watu wenye sifa njema, hasa kutoka upande uliosahauliwa, na mkutano wote uwachague. Lakini wasigeuze zamu yao kuwa ya kulipiza. Wajane wa Kiebrania nao walipaswa kuendelea kula. Na yule ambaye fungu lake litapungua aelezwe sababu, uso kwa uso.

Tatu, tukisha kunyoosha mgao, tukae pamoja. Vikundi vya maombi vichanganywe. Kwaya iimbe kwa lugha za wote. Tutembeleane kwenye kilio na kwenye ndoa. Haki hufungua mlango, lakini ni lazima mtu aingie na kuketi.

Luka anaandika kwamba baada ya mambo ya wajane kutengenezwa, neno la Mungu lilienea na wanafunzi wakaongezeka sana. Tunaomba uamsho usiku kucha, na ni vema. Juma hili tuangalie pia orodha zetu.

Tuombe. Baba, utupe macho ya kumwona anayerukwa, ujasiri wa kutengeneza mgao, na moyo wa kuketi meza moja na tusiyemzoea. Katika jina la Yesu. Amina.