Damu ya Mwizi

  



Uko ukelele mmoja ambao kila mkazi wa Mchikichini na Kariakoo anaujua tangu utotoni, nao ni ukelele wa "Mwizi!" Ukishapigwa sokoni, pale penye marundo ya mitumba na viatu, mtu mmoja hukimbia na mamia humfuata, wala hakuna anayesimama kumuuliza aliyepiga ukelele ameibiwa nini, na nani, na amemwona kwa macho yake au vipi. Anayekimbizwa akianguka, huwa amekwisha. Hupigwa mawe, hupigwa vyuma, na pengine huvishwa tairi la gari na kumiminiwa petroli. Baada ya nusu saa bei za viatu zinatajwa tena kama kwamba halikutokea lolote.

Kesho yake magazeti huandika kuwa kijana mmoja "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Nimeitafakari sana sentensi hiyo, ndugu zangu. Hasira haina mikono. Hasira haiendi kununua petroli wala haiwashi kibiriti. Aliyewasha kibiriti ni mtu, ana jina alilopewa na wazazi wake, na usiku ule alikwenda nyumbani akala chakula chake.

Basi mtu huyo ndiye anayetafutwa na mgeni anayekuja baadaye. Mgeni huyo havai sare; wazee wetu walikuwa wakimwita askari kanzu, siku hizi tunamwita mpelelezi. Huja na daftari lake, akamuuliza muuza juisi, akamuuliza fundi viatu, akamuuliza mama wa maandazi. Huyu atamjibu kuwa hakuwapo. Yule atasema alikuwa ameinama akifunga mzigo. Mwingine atasema watu walikuwa wengi mno. Na hali mtoto wa miaka tisa anayeuza mifuko hapo anajua fika ni nani aliyelileta tairi. Mpelelezi hurudi kituoni na daftari jeupe.

Kwa nini tunamficha mtu huyo? Kwa sababu mioyoni mwetu tunaona ametutendea wema. Husemwa: polisi humkamata kibaka leo, na keshokutwa tunamwona barazani akitucheka. Malalamiko hayo si ya uongo yote, wala sitawadanganya kwamba ni ya uongo. Mama aliyenyang'anywa mtaji wake wa mwezi mzima amedhulumiwa dhulma ya kweli, na kesi inayolala miaka mahakamani ni dhulma ya pili juu yake. Lakini dhulma hiyo haimpi jirani yake ruhusa ya kuwa mshitaki, shahidi, kadhi na mnyongaji kwa pamoja, tena katika muda wa dakika kumi. Sheria ya nchi, ile ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985, inamruhusu raia kumkamata mtu anayefanya kosa mbele ya macho yake. Kisha inamtaka amkabidhi polisi bila ya kuchelewa. Hapo ndipo kazi ya raia inapokoma. Na Katiba yetu, katika ibara ya 13, imekataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Msidhani kwamba jambo hili ni geni katika historia ya Uislamu. Mwaka 644 Sayyidna Umar bin Khattab alichomwa jambia akiwa katika sala ya Alfajiri, na aliyemchoma, Abu Lu'lu'a, akajiua mwenyewe. Mtu mmoja akaeleza kwamba kabla ya hapo alimwona Abu Lu'lu'a akinong'ona na Hurmuzan, Muajemi aliyesilimu, na Jufaina, Mkristo wa kutoka Hira, na jambia likadondoka baina yao. Ubaidullah, mwana wa Umar, alipoyasikia hayo hakungoja. Alichukua upanga akamuua Hurmuzan, akamuua Jufaina, kisha akamuua binti mdogo wa Abu Lu'lu'a, ambaye hakutajwa na mtu katika habari ile.

Tazameni waliyoyafanya sahaba. Baba yake alikuwa khalifa, msiba ulikuwa wa umma mzima, na hasira ilikuwa na sababu kubwa kuliko simu au mkoba. Juu ya hayo Sa'd bin Abi Waqqas alimnyang'anya upanga, na Ubaidullah akazuiliwa. Shauri lake likawa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa kumfikia Sayyidna Uthman baada ya kupewa ukhalifa. Sayyidna Ali aliona kwamba ni lazima auawe kwa aliowaua. Wengine waliona uzito: jana ameuawa Umar, leo auawe na mwanawe? Mwishowe Uthman alihukumu ilipwe diya, akaitoa katika mali yake mwenyewe. Tangu zama hizo wamekhitilafiana juu ya hukumu ile, nami sitaingia humo. Ninalotaka mlione ni kwamba katika mabishano yale yote haikukubalika kwamba zile zilikuwa damu za bure. Na Ali aliposhika ukhalifa, Ubaidullah alikimbilia Sham kwa Muawiya, akafa katika vita vya Siffin mwaka 657. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita na deni lile lilikuwa lingali likimfuata.

Wako wanaosema: tulikuwa wengi, mimi nilitupa jiwe moja tu. Hawa nao wamekwisha jibiwa. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar aliwahukumu kifo watu watano au saba kwa ajili ya mtu mmoja waliyemuua kwa hila, na akabainisha kuwa lau watu wa San'a wote wangeshirikiana katika kumuua, angewahukumu wote. Wingi wa mikono haukuigawa damu mafungu.

Sasa nirejee kwa mpelelezi, maana naye ana mtihani wake, na nchi yetu imepata kuuona. Katika miaka ya 1970 huko Mwanza na Shinyanga wazee, hasa wanawake, walikuwa wakiuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Waliowaua walijiona wanaiondolea jamii maovu. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliingia kuwasaka wauaji, na lengo lilikuwa la haki. Lakini watu wengi walikamatwa kwa tuhuma, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Wale waliotumwa kuwasaka wanaoua kwa tuhuma wakawa wenyewe wanaua kwa tuhuma. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo. Hakumpiga mtu, wala hakuamuru mtu apigwe. Hata hivyo mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yalitendeka chini ya dhamana yake. Baadhi ya maafisa wa polisi na wa usalama walifikishwa mahakamani wakapatikana na hatia. Mwaka 1985 Mzee Mwinyi akawa Rais wa nchi hii.

Baada ya hapo, mapema katika miaka ya 1980, wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, na wizi ulipungua kweli. Ila sungusungu hao nao palikuwa na mahali ambapo walipiga na kuua, na palikuwa na mahali ambapo waliwageukia wale wale akina bibi walioitwa wachawi. Fimbo iliyotolewa kwa ajili ya mwizi hupata kazi nyingine upesi.

Ndiyo sababu mpelelezi anayefuata haki hana njia isipokuwa ushahidi, na ushahidi hauko kituoni. Uko kwetu sisi, Mchikichini, chini ya miavuli na nyuma ya meza za biashara. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya 49, ametuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na katika Sura ya pili, aya ya 283, inayohusu madeni, amekataza kuficha ushahidi na kuuhesabu moyo wa mfichaji kuwa na dhambi. Ikiwa ni hivyo katika shilingi za mkopo, itakuwaje katika roho ya mtu?

Nasema sasa na mama aliyeko jikoni, redio ikiwa karibu yake. Siku ile mwanao alirudi jioni, na ulipozichukua nguo zake kuzifua zilinukia petroli. Ulimuuliza, akajibu kwa mkato, nawe hukumuuliza tena. Ninajua uzito ulio kifuani mwako. Msikiti hauwezi kukuahidi kwamba mambo yatakuwa mepesi, yatakuwa mazito. Lakini yule aliyeuawa naye ana mama, hajui hata mwanawe alishitakiwa kuiba nini, na hana wa kumuuliza. Kaa na mwanao leo umsikilize mpaka mwisho. Na mkiona vigumu kwenda peke yenu, njooni msikitini baada ya sala. Tutakwenda pamoja hadi kituoni, tukae na kijana katika benchi mpaka maneno yake yamalizwe kuandikwa, tukiangalia asiguswe na mtu.