MKONO ULIOKUFA GANZI
(Maneno ya aliyekuwa mweka hazina, siku ya kutimiza miaka kumi ya chama)



Nimepewa dakika chache. Nitasema habari za mkono huu wa kulia, maana ndio uliokuwa ukihesabu fedha zenu.

Mnakumbuka sarafu zilivyokuwa zikinidondoka mezani. Wengine mlicheka, wengine mkanong'ona kwamba mweka hazina hayuko makini. Siwalaumu, hata mimi sikujua. Usiku niliamka vidole vinawaka moto, nikavikung'uta weee ndipo nilale. Asubuhi viungo vya mikono yote miwili vilikakamaa kwa saa nzima na zaidi. Nikadhani ni kufua. Mwishowe nikajiuzulu.

Hospitali walinieleza hivi. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Humo hupita kano tisa za kukunjia vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mimi nina baridi yabisi ya aina ile ambayo kinga ya mwili hugeuka ikashambulia viungo vya mwili wake wenyewe. Utando unaozunguka kano huvimba, na kwa kuwa njia haitanuki, mshipa hubanwa. Ndiyo maana ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kile kidogo cha mwisho husalimika.

Si kila ganzi ni baridi yabisi. Ujauzito na kisukari navyo huweza kuileta. Kwa hiyo tusigawiane vidonge, twende tukapimwe.

Mimi nilipewa kifaa cha kunyoosha kifundo nikilala, sindano kifundoni, na dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe. Wengine hupasuliwa ili njia ile ifunguliwe. La muhimu ni kuwahi. Mshipa ukibanwa muda mrefu, nyama ya chini ya kidole gumba husinyaa, na nguvu huenda zisirudi zote.

Nauli yangu ilitoka kwenye mfuko wetu wa kusaidiana. Sasa naomba jambo moja. Ugonjwa huu hutupata wanawake kuliko wanaume, wala haungoji uzee. Mwenzetu akidondosha kikombe, tusimcheke. Tumuulize: "Mwenzangu, usiku mikono inakuacha ulale?"

Leo kitabu cha mahudhurio nimekisaini kwa mkono huu huu.