Mashine Haina Kumbukumbu



Wengine mwasema: "Poka ya mashine ni akili. Nimeshaliwa mara ishirini, sasa ni zamu yangu." Haya, tupige hesabu. Karata ni 52. Mafungu ya karata tano yanayoweza kutoka ni 2,598,960, na yale ya zawadi nono kabisa ni 4 tu: mara moja katika 649,740! Hata ukibadilisha karata bila kukosea, ni kama mara moja katika 40,000. Na mashine haikumbuki umeliwa mara ngapi. Kila mchezo waanza upya, hakuna zamu.

Fundi asiyekosea, kwenye mashine ya kawaida inayolipa vizuri, kwa kila shilingi 100 hurudishiwa wastani wa shilingi 99 na senti 54. Fundi naye yuapoteza, seuze wewe unayeanza?

Kamari imekatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Hesabu nayo yashuhudia. Basi kijana, ikiwa umeshaigusa pesa ya karo, usiifukuzie. Nenda kwa mzazi wako, umwambie ukweli leo, kabla ya futari.

Wabillahi tawfiq.