Meli za Gesi: Safi, Lakini Tuulize!



Ule moshi wa meli bandarini hutokana na mafuta mazito yenye salfa, na vibarua ndio wanaoumeza. Mwaka 2000 Norway ilianza kutumia kivuko Glutra, kinachoendeshwa kwa gesi asilia iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika. Gesi hiyo karibu haina salfa, na masizi yake ni kidogo mno. Hapo tupige makofi.

Lakini msidanganyike! Methani isiyoungua huponyoka injini, na katika miaka 20 huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Anayejigamba kwa meli “safi”, mwulizeni: inavujisha kiasi gani? Asiyejibu ana lake jambo.