Wito Mbele ya Mizani



Katika parokia zetu tukisema "tuombee miito", kila mtu anajua tunaowaombea: mapadri na masista. Muuza kakao aliyeketi benchi la nyuma anainamisha kichwa na kuombea wito wa wengine. Nimekuja hapa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kumzungumzia huyo wa benchi la nyuma.

Luka, sura ya 3, anasimulia jinsi watoza ushuru na askari walivyomwendea Yohane Mbatizaji kumuuliza wafanye nini. Yohane, mla nzige, hakuwaambia waache kazi wamfuate jangwani. Watoza ushuru wasidai kuzidi kiwango; askari waridhike na mshahara wao. Na mshahara usipofika? Hilo tunalijua sisi tunaopita vizuizi vya barabarani. Yohane hakulijibu, wala mimi sina jibu jepesi.

Goma tulikuwa na mtu wa kazi inayokaribiana na ya watoza ushuru. Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa 1981, alisomea sheria akaajiriwa na ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2007 palitokea shehena ya mchele ulioharibika. Akapewa matabishi ili aipitishe, akakataa. Julai akatekwa, akauawa, umri wake miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, Roma, akatangazwa mwenyeheri.

Watu humsifu kwa ushujaa, na ni haki yake. Mimi kinachonishika ni jambo dogo: alimpigia simu sista mmoja ambaye ni daktari, amuulize chakula kile kingewadhuru watu namna gani. Hakutosheka kuwa na moyo safi. Alitaka kuujua mchele wenyewe. Alijulikana pia kwa kuwahudumia watoto wa mitaani pamoja na Jumuiya ya Sant'Egidio, ila kilichomwua ni muhuri wa ofisini.

Sasa kakao, ambayo mnaijua kuliko mimi. Mbegu zifunikwe kwa majani ya ndizi siku tano au sita, zigeuzwe, zianikwe kwenye turubai mpaka ukizibana mkononi zilie. Mkulima mwenye haraka huziuza zikiwa bado na maji. Na nani hana haraka, shamba likiwa upande ambako majirani wameuawa, naye akilivuna kwa kunyemelea? Mnunuzi anajua, kwa hiyo mizani nayo imetiwa dawa yake: kilo 30 zinasomeka 27. Kila mmoja anamwibia mwenzake mapema, asije akaibiwa. Jumapili wanapeana mkono wa amani.

Wito wa mnunuzi na mkulima unaweza kuanzia hapa: dumu la lita 20 likijazwa maji lina kilo 20, ukiongeza uzito wa dumu lenyewe. Mnunuzi aliweke kando ya mizani yake, na yeyote anayetaka alitundike ajionee. Mkulima naye afungue gunia mpaka chini kabla hajaombwa. Hakuna haja ya kanzu wala nadhiri hapo.

Lakini wanunuzi wenzake hawatampenda mwenye dumu. Watamwambia anawaharibia soko, na pengine watamfanyia zaidi ya maneno. Nani atasimama kando yake siku hiyo? Parokia zetu hazijalizungumza swali hilo, na ningependa tulianze kwa maswali yenu. Mama pale nyuma ameshainua mkono.